Kotonii, spinosamu na kina cha maji: hesabu ya mkulima wa mwani Zanzibar

Kila yanapozungumzwa mambo ya mwani wa Zanzibar na joto la bahari, ushauri unaotolewa ni ule ule: ondoka kwenye kina kifupi, nenda kina kirefu. Anayebaki na vigingi vyake vya kufungia kamba ndani ya mwamba, yaani kwenye maji mafupi kati ya mwamba wa matumbawe na ufuo, awe Paje au Jambiani kule Unguja, au huko Pemba ambako ndiko unakotoka mwani mwingi zaidi, huonekana mtu wa mazoea asiyetaka kubadilika. Wakulima wa mwani visiwani ni zaidi ya 20,000, na takriban wanane katika kila kumi ni wanawake, kwa hiyo lawama hiyo huwaangukia wao. Hoja ya kina kirefu ina uzito na nitaieleza kwa haki. Ila hesabu ya yule anayebaki haijafanywa kwa makini, na ikifanywa haionyeshi ukaidi.

Tuanze na joto lenyewe. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, baada ya utafiti wa miaka mingi ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa mstari wa mbele. Zililetwa aina mbili: kotonii, yenye karajinani (ule ute wa mwani unaouzwa viwandani kwa ajili ya kugandisha) inayoganda kwa nguvu na ambayo bei yake kwa kawaida ni karibu mara mbili, na spinosamu, yenye karajinani laini na bei ya chini. Kotonii hustawi kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30. Sasa angalia saa za maji ya Zanzibar: wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana. Maana yake, ile siku maji yanapokuwa machache kuliko zote, yanakuwa machache jua likiwa utosini. Wakati wa kaskazi, msimu wa joto, maji ya magotini yaliyosimama juu ya mchanga mweupe huvuka nyuzi 33 bila shida. Ikija masika, mvua kubwa inayonyesha maji yakiwa yamepwa hupunguza chumvi ghafla. Mmea uliochoshwa hivyo huanza kuwa mweupe kwenye vitawi. Bakteria huingia hapo, kitawi hulainika, hukatika, na bamvua linalofuata huondoka nacho. Huo ndio ugonjwa wa aisi-aisi. Juu yake huja mwani mwembamba wa nyuzi unaojishika kwenye ngozi ya mmea, kuitoboa na kufungua njia nyingine ya maradhi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Zanzibar ilikuwa ikivuna kotonii kwa zaidi ya tani 1,000 kwa mwaka. Muongo ule haukwisha kabla mavuno hayo hayajashuka hadi tani chache tu. Spinosamu huvumilia zaidi, nayo ndiyo iliyobeba karibu biashara nzima tangu hapo.

Wanaotetea kina kirefu wanasema jambo la kweli: maji ya mita mbili hadi sita hayachemki kama maji ya magotini, na mkondo unaopita muda wote huleta virutubisho na kuusafisha mmea. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani Zanzibar, amefanya majaribio ya kamba zinazoelea na ya nyavu za mrija, ambamo mwani hukua ndani ya wavu, hivyo kitawi kikikatika hakipotei. Kotonii iliyoshindwa ndani ya mwamba imeota huko. Faida nyingine haisemwi vya kutosha. Mashamba ya kina kifupi mara nyingi huwekwa juu ya nyasi bahari. Mkulima huzing'oa, miguu huzikanyaga, mwani huzitia kivuli, na tafiti zilizofanywa Ghuba ya Chwaka zilikuta nyasi chache zaidi chini ya mashamba kuliko pembeni yake. Nyasi hizo ndiko wanakokulia samaki wadogo kama tasi na changu. Kamba inayoelea juu ya mchanga wa kina kirefu haileti madhara hayo, wala haigombani na hoteli kuhusu ufuo.

Hoja hizo nazikubali zote. Lakini mkulima haulizi kotonii inaota wapi tu. Anauliza inakua kwa kasi gani, na kasi ina hesabu yake.

Chukua kamba ya mita tano, vishada vya mbegu vya gramu 100 vimefungwa kwa taitai (vikamba vidogo) kila sentimita 20: vishada 25, kilo 2.5 za mbegu. Mavuno ni baada ya siku 45. Mwani ukikua kwa asilimia 5 kwa siku, kilo 2.5 zinakuwa karibu 22.5. Ondoa mbegu ya msimu ujao, zinabaki 20. Kilo nane mbichi hutoa takriban moja kavu, kwa hiyo kamba imetoa kilo 2.5 kavu. Mwenye kamba 300 ana karibu kilo 750.

Sasa shusha kasi hadi asilimia 3. Tofauti ya mbili inasikika ndogo. Kumbe kilo 2.5 zinafika 9.5 tu, ukiondoa mbegu zinabaki 7, na kamba 300 zinatoa kilo 260 kavu. Theluthi mbili ya mavuno imekwenda. Kwa asilimia 2 ni kilo 135. Hapa ndipo wengi wanaposhauri kwa haraka hukosea, kwa sababu ukuaji wa mwani hujizidisha juu ya ukuaji wa jana, na kila siku ya joto inayopunguza kasi hutozwa tena kila siku inayofuata mpaka siku ya kuvuna.

Ndiyo maana mkulima wa kina kifupi aliyeacha kotonii na kubaki na spinosamu hakukosea. Hata kwa bei mara mbili, kilo 260 za kotonii zinamlipa sawa na kilo 520 za spinosamu, ilhali spinosamu inayokua kwa asilimia 5 inampa 750. Ili kotonii imlipe sawa, lazima ikue kwa angalau asilimia 3.6 kila siku kwa siku 45 bila kukatizwa na aisi-aisi. Ikikatizwa, hupoteza na mbegu pia, kisha aanze kuomba au kununua nyingine. Alichagua kilicho cha uhakika, kwa hesabu aliyoifanya kichwani msimu baada ya msimu.

Wapo wanaojaribu kukwepa joto kwa kuvuna mapema, siku ya 30. Hilo halisaidii. Kwa asilimia 5 mbegu imefika mara 4.3 tu badala ya tisa, na karajinani yake bado dhaifu, kwa hiyo mnunuzi wa mwisho hulalamika na bei ya wote hushuka.

Kina kirefu kinaweza kuirudisha kasi, lakini kina bili yake. Kigingi hakitoshi tena: zinatakiwa nanga za mawe au viroba vya mchanga, maboya au madumu yaliyofungwa vizuri, kamba nene ya kushikilia zile nyembamba, na chombo. Upepo wa kusi unapokuwa mkali, kati ya Juni na Septemba, nanga nyepesi huburutwa na kamba zote hujikusanya fundo moja. Siku kadhaa hakuna wa kutoka. Tasi na kasa hula shamba linaloelea bila kusubiri maji yajae, na shamba dogo huliwa zaidi kwa uwiano kuliko kubwa. Mwani mbichi wa kamba 300, kwa ile kasi nzuri, ni kilo 6,000 na zaidi: chombo kidogo hakiubebi kwa safari moja wala tatu.

Na chombo ni cha nani? Ndani ya mwamba, mwanamke hutembea hadi shambani kwake kwa miguu. Hahitaji ruhusa, nahodha wala mafuta, na maji yakianza kujaa anarudi nyumbani. Pwani zetu nyingi wanawake hawakufundishwa kuogelea, na vyombo vimekuwa mali ya wanaume. Shamba likihamia mita nne, mwenye chombo anakuwa mshirika hata kama hakufunga kishada kimoja. Zao ambalo kwa zaidi ya miaka thelathini limempa mwanamke wa kijijini fedha ya mkononi mwake linaweza kuhamia kwa mmiliki mwingine bila mtu yeyote kukusudia hivyo. Hili halimo kwenye vipimo vya joto, lakini ni badiliko kubwa kuliko nyuzi mbili.

Kuna na jambo la mbegu, ambalo lingepaswa kutangulia mjadala wa kina. Mwani wetu huzidishwa kwa kukata kipande na kukifunga tena. Mashamba ya leo ni vipande vya vipande vilivyokuja tangu 1989, vyenye jeni zinazofanana mno, kwa hiyo joto likiushinda mmea mmoja limeishinda pwani nzima. Bahari ya Afrika Mashariki ina spinosamu yake ya asili, tofauti kijeni na ile ya Asia. Hukua taratibu zaidi, lakini ndiyo akiba ya kuteua mbegu mpya, na haijalimwa kwa upana. Kupeleka mbegu ile ile iliyochoka mita nne chini ni kuahirisha tatizo.

Kwa maoni yangu, mpango unaofaa ungeanza ndani ya mwamba: kuhamisha kamba kwenye mikondo na vijito ambavyo hata bamvua haliviachi vikavu, kuziinua kidogo zisiguse mchanga wa moto, kuziacha nyasi zisimame kati ya mistari, kuteua mbegu kutoka vishada vilivyovuka kaskazi bila weupe, na kuweka kitalu cha mbegu kina kirefu hata kama shamba halipo huko. Kitalu kinahitaji chombo kimoja kwa kikundi kizima, kwa hiyo hasara yake hubebeka. Kotonii ya kina kirefu iwe kwa wanaoitaka, baada ya mafunzo ya kuogelea na majaketi ya kuokolea maisha, chombo kikiwa kimeandikwa kwa jina la kikundi cha wakulima wenyewe. Na mnunuzi aandike bei ya kotonii ya siku 45 kabla mkopo wa nanga na maboya haujasainiwa, kwa kuwa bila pengo la bei mara mbili, ile asilimia 3.6 inapanda tena na hata maji baridi hayataifikia.