Ukifuata Mzigo Laleli, Ingia na Bodrum Camii

Wafanyabiashara wetu wa nguo wanaijua Istanbul kuliko watalii. Muulize anayefuata mzigo Uturuki, atakutajia Laleli duka kwa duka: wapi jinzi, wapi magauni ya harusi, kargo ipi haina longolongo. Akipata nusu siku anakwenda Sultanahmet, analipa yuro 25 za Hagia Sofia, anapiga picha, anarudi kufunga mabegi. Simlaumu. Kanisa lile la Kaisari Justinian, lililojengwa kati ya 532 na 537 na sasa ni msikiti, linastahili nauli yake. Ninachobisha ni kudhani kwamba ukishaliona hilo, umemaliza Ukristo wa Konstantinopoli, yaani Istanbul ya kale.

Palepale Laleli, nyuma ya maduka ya jumla, kuna msikiti mdogo wa matofali, Bodrum Camii. Ulianza kama kanisa la Myrelaion, alilolijenga Romanos Lekapenos karne ya 10 ubavuni mwa kasri lake. Huyu bwana alitoka kwa wakulima wa Kiarmenia, akapanda jeshini hadi kuongoza manowari za Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki, akaishia kuvaa taji. Mwaka 948 akazikwa hapo. Kasri lenyewe lilikalia jengo la mviringo la zamani zaidi, ambalo liligeuzwa tangi la maji, na miaka ya karibuni humo chini yaliwahi kufunguliwa maduka. Kwa hiyo kuna watu waliopatana bei ya makoti chini ya kasri la kaisari, na hawakuwa na habari.

Najua jibu litakalokuja: “Lakini makanisa hayo ya kale si misikiti sasa?” Ndiyo, na ndiyo maana mengi yangalipo. Wakristo wetu hununa wakisikia hivyo, Waislamu wetu huona habari za makanisa haziwahusu, na wote wanapitwa. Sisemi Waosmani, Waturuki walioutwaa mji huu, walikuwa walinzi wa makumbusho. Kanisa la Mitume Watakatifu, walimozikwa makaisari, walilibomoa na kujenga msikiti wa Fatih. Ila jengo lenye watu wa kulisalia hupata wa kuziba paa. Kanisa la monasteri ya Studion, la karne ya 5, lilidumu likiwa msikiti mpaka theluji ilipoangusha paa lake mwaka 1908. Baada ya hapo likaachwa, zikabaki kuta tupu kwa miaka na miaka.

Linganisha na msikiti wa Küçük Ayasofya, uliokuwa kanisa la Watakatifu Sergius na Bacchus. Inua macho juu ya nguzo za chini: pambo la jiwe limezunguka ukumbi, na ndani yake beti za Kigiriki zinazomsifu Justinian na mkewe Theodora. Hakuna aliyezifuta. Watu wanaswali chini yake kila siku.

Ninapopapenda kuliko pote ni msikiti wa Zeyrek, uliokuwa monasteri ya Pantokrator ya Kaisari John Komnenos na mkewe Irene. Hapo palikuwa na hospitali ya vitanda 50, na kanuni zake za mwaka 1136 zimetaja mpaka godoro, mto na blanketi la mgonjwa. Vitanda 12 vilikuwa vya wanawake, na kati ya waliowahudumia aliajiriwa daktari mwanamke. Karne ya 12, jamani! Sisi tuliosoma historia ya Kanisa kwa kuruka kutoka Roma hadi kwa wamisionari wa karne ya 19, hili hatukuambiwa.

Na si habari za watu baki. Waorthodoksi wa Kenya wanaimba kwa Kiswahili liturujia iliyopewa jina la Yohane Krisostomo, askofu wa mji huuhuu kuanzia 398, hadi maneno yake makali yalipomgombanisha na malkia Eudoxia akafukuzwa.

Bodrum na Zeyrek hazina kiingilio. Nenda kati ya adhuhuri na alasiri, vua viatu, mwanamke ajitande mtandio, na Ijumaa mchana waachie wanaoswali. Kutoka Laleli mpaka Zeyrek ni mwendo wa miguu tu. Mzigo uache hotelini.