Alikuwa Anaokota Dagaa, Leo Mikono Haishiki Kitu

Kliniki zetu za mama na mtoto hapa Kigoma ni hodari kwa uzito. Mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, nukta inawekwa kwenye kadi, chanjo inachomwa, mama anapewa tarehe ya kurudi. Swali ambalo sijalisikia hata mara moja ni hili: "Mama, kuna kitu mwanao alikuwa anakiweza na sasa hakiwezi?"

Kuna binti mtaani kwetu Ujiji. Alipotimiza mwaka alikuwa akikaa kando ya kichanja cha bibi yake, anaokota dagaa mmoja mmoja na kuita "bibi, bibi". Miezi michache baadaye vidole viliacha kuokota. Mikono ikakutana kifuani, ikawa inasuguana kutwa nzima kama ya mtu anayenawa bila maji. Hata "bibi" haikusikika tena. Degedege lilipoanza, akatibiwa malaria, na malaria tena. Majirani wakasema ni mkono wa mtu. Wakwe wakamgeukia mama.

Daktari wa watoto Dar es Salaam ndiye aliyeutaja: ugonjwa wa Rett. Huwapata hasa wasichana, takriban mmoja kati ya 10,000. Mtoto hukua vizuri mwanzoni, kisha, mara nyingi kati ya miezi 6 na 18, huanza kupoteza kazi ya mikono na maneno. Kichwa nacho hupunguza kasi ya kukua. Chanzo ni hitilafu katika jeni ya MECP2, iliyobainika mwaka 1999, na karibu kila mara huanzia kwa mtoto mwenyewe, bila kurithiwa kwa wazazi. Mama hakufanya kosa lolote. Wakwe nawaomba waisome sentensi hiyo mara mbili.

Lakini Andreas Rett, daktari wa Vienna, hakungoja jeni. Mwaka 1954 aliwaona wasichana wawili wamepakatwa na mama zao wakisubiri zamu, mikono ikisuguana kwa namna ileile. Aliangalia tu. Mabenchi yetu yanajaa kila wiki. Tuangalie na sisi.

Watoto wanarudi kliniki miezi 18 kwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Hapo liulizwe swali lile, kichwa kipimwe kwa utepe, na mtoto aliyepoteza alichokiweza apewe rufaa siku hiyohiyo. Tiba ya kuponya haipo, ila dawa za kifafa na mazoezi ya viungo yanasaidia sana.

Nawe mama, usingoje kuulizwa. Mrekodi kwa simu akisugua mikono, umwonyeshe daktari.