Sahani zilimkosea nani?

Jamani, sahani zilimkosea nani? Siku hizi ukiingia kwenye mikahawa ya steki ya Kololo na Bugolobi, hapa Kampala, nyama inakuja juu ya ubao. Ubao wa kukatia vitunguu! Steki ikitoka motoni ina maji yake, na sahani iliwekewa kingo kwa sababu hiyo hiyo. Ukipitisha kisu mara ya kwanza tu, maji yanajitafutia njia, yanapita chini ya chipsi, yanashuka mezani, yanatua kwenye suruali ya kazini. Mbao zenye akili huchongwa mfereji pembeni. Hizi zetu mfereji upo, ila umejaa sosi ya uyoga. Menyu nayo imegeuka kimraba cha madoadoa kilichobandikwa mezani, ukipige picha kwa simu yako, kwa bando lako.

Haya, ubao tuuache. Kuna hili la "iive vipi".

Mhudumu anauliza kwa adabu zote, mkono mmoja mgongoni: "Ssebo, steki yako iive vipi?" Ssebo ni bwana kwa Kiganda. Swali zuri. Unajibu kwa sauti ya mtu mwenye ng'ombe wake Kiruhura: "Iive nusu." Anatabasamu, haandiki kitu, anakwenda. Kidogo tu, huyo amerudi. "Ssebo, mpishi anauliza, nusu ya juu au nusu ya chini?"

Unashusha pumzi, unaeleza. Nyama iwe na unene wa sentimita tatu. Ifutwe maji, maana nyama iliyolowa hutokota badala ya kukaangika. Chuma kipate moto hadi kianze kufuka moshi. Dakika tatu upande mmoja, tatu upande wa pili, itolewe katikati ikiwa digrii 52, ipumzike nje ya moto dakika tano, yenyewe itapanda hadi 55. "Sawa, ssebo." Anakwenda. Anarudi. "Ssebo, itakuwa na damu."

Si damu! Damu ilimwagwa machinjioni, Old Port Bell Road. Yale ni maji ya msuli, yana protini nyekundu inayoitwa mayoglobini. "Sawa, ssebo. Lakini mpishi anasema mteja akiona ataita damu." Mteja ni nani kama si mimi niliyeketi hapa?

Meza ya jirani, mama mmoja anaweka uma chini. "Mwanangu, na minyoo je?" Hapo mambo yanakuwa magumu, kwa sababu mama ana hoja. Tegu wa ng'ombe yupo, viluwiluwi vyake hukaa ndani ya msuli, na hufa nyama ikifika digrii 60 hadi katikati, au ikigandishwa digrii 10 chini ya sifuri kwa siku 10. Unamtajia mkaguzi wa nyama na muhuri wake. Mama anakutazama kwa huruma. "Muhuri unaua minyoo?"

Basi, unasalimu amri kwa heshima: digrii 60, mama aridhike, nawe ubakiwe na wekundu kidogo katikati. Mhudumu anapeleka ujumbe. Safari hii anarudi na mpishi mwenyewe, koleo mkononi: "Nani anayetaka mbichi?" Mkahawa mzima unageuka.

Dakika 45. Ubao unafika. Imeiva kabisa! Kijivu huku, kijivu kule, na katikati kijivu. Kumbe walikuwa wanauliza ili iweje?

Tena moto usibebeshwe lawama zote. Ng'ombe amepandishwa lori Mbarara, kilomita 270 hivi amesimama, anasukumana na wenzake, hana maji. Akifika sukari ya misuli imekwisha, na nyama ya namna hiyo hutoka nyeusi, kavu, ngumu. Achinjwe usiku, asubuhi yuko kwenye ndoano, jioni yuko kwenye ubao wako. Nyama ya ng'ombe hukakamaa siku ile ya kwanza. Kulainika kunataka friji ya digrii 0 hadi 4, siku 7 kwa uchache, 14 ndiyo raha, vimeng'enya vyake vifanye kazi. Siku 14 umeme ukiwaka bila kukatika! Ndiyo maana ukisoma "imekomazwa siku 28" uliza friji iko wapi. Nyama iliyokomazwa wazi hivyo huota ganda jeusi la kukatwa na kutupwa, na uzito hupungua. Ukiletewa nyekundu inayong'aa, imekomazwa kwenye menyu.

Na huyu Ankole wetu mla majani ana pembe za kifalme, ila mafuta ndani ya nyama ni haba. Ukimpitisha digrii 65 anakauka. Ukiona mpishi ameshika koleo kwa hasira, chukua nyama ya mbavuni, ina mafuta ya kuiokoa. Fileti iliyoivishwa kabisa ni soli ya kiatu cha bei mbaya.

Gramu 300 zilipimwa mbichi; robo imebaki jikoni. Kwenye tiboni, mfupa nao umo kwenye mizani. Bili ikija, kuna asilimia 18 ya serikali iliyokuwa imejificha chini kabisa ya menyu, kwa maandishi ya chungu.

Hakuna anayeulizwa iive vipi pale Namawojjolo, barabara ya Jinja. Muchomo, yaani nyama choma ya vijiti, ni vipande vidogo, kipande cha mafuta katikati ya vipande vya nyama; mafuta yakiyeyuka yanailainisha nyama, yakidondokea mkaa yanaipa moshi. Inaiva kabisa na bado inatafunika. Ila nao wale wauzaji! Basi halijasimama, vijiti kumi vimeshaingia dirishani, kimoja karibu na jicho, gonja (ndizi ya kuchoma) usoni, soda mapajani. Unatoa noti ya elfu ishirini, dereva anakanyaga mafuta, kijana anakimbia na chenji yako. Anakimbia vizuri mwanzoni. Halafu anapunguza. Unapiga kelele "Kondakta, simamisha!", na kondakta naye mdomo umejaa nyama.