Ukienda Ujerumani kwa Muhula Mmoja, Tafuta Chumba Chenye Intaneti

Wanafunzi na watafiti wa Afrika Mashariki wanaokwenda Ujerumani kwa muhula mmoja huuliza swali lile lile kabla hata hawajakata tiketi: ni kampuni gani inayotoa intaneti nzuri ya nyumbani? Baada ya kuishi huko kwa vipindi vifupi, kwanza Bayreuth na kisha Leipzig, nimefikia msimamo ambao huwaudhi baadhi ya wanaouliza, kwa sababu haujibu swali lao. Mtu anayekaa miezi mitatu, minne au sita hana sababu ya kuingia mkataba wa intaneti ya waya kwa jina lake. Intaneti yake aitafute ndani ya chumba anachokodi, na suala hilo alimalize wakati bado anazungumza na mwenye chumba, kabla hajatuma amana.

Sisi tumezoea kulipa kwanza ndipo tutumie. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hununua bando la siku, la wiki au la mwezi, na likiisha hadaiwi na mtu. Ujerumani, biashara ya intaneti ya waya imejengwa juu ya mteja wa namna nyingine: mtu aliyetulia, mwenye anwani, akaunti ya benki na historia ya malipo inayoweza kukaguliwa, ambaye kampuni inaweza kumtegemea kwa miaka miwili. Bei ya chini inayobandikwa dirishani mara nyingi ni ya miezi ya mwanzo tu, ruta hutolewa kwa kodi ndogo ya kila mwezi, na punguzo lote hilo kampuni hulifidia katika miezi ambayo mgeni wa muhula mmoja atakuwa amesharudi kwao. Tuchukue mfano wa mkataba wa euro 40 kwa mwezi kwa miezi 24. Aliyekaa miezi sita ametumia huduma ya euro 240, lakini sahihi yake imeahidi euro 960.

Ni haki kukiri kwamba sheria imelegezwa. Zamani mkataba wa miezi 24 ambao mteja alisahau kuusitisha kwa wakati uliweza kujiongeza kwa mwaka mzima. Tangu tarehe 1 Desemba 2021, sheria mpya ya mawasiliano inasema kwamba muda wa kwanza ukiisha mteja anaweza kujitoa wakati wowote kwa taarifa ya mwezi mmoja, na kila kampuni inalazimika kuwa na mkataba usiozidi miezi 12 wa kumwonyesha mtumiaji wa kawaida. Hayo ni mafanikio makubwa kwa wakazi wa kudumu. Lakini muhula wa baridi katika vyuo vikuu vya huko huanza Oktoba na kuisha Machi, na wa kiangazi huanza Aprili na kuisha Septemba. Kwa hiyo hata mkataba huo mfupi ambao sheria inaulazimisha ni mara mbili ya muda wa mgeni wetu. Kampuni kadhaa huuza pia mikataba isiyo na muda maalumu, na wapo wanaoisifu mno, ila aghalabu ada ya kuunganishwa huwa kubwa zaidi na ruta mtu hujinunulia mwenyewe.

Wenzangu wanaopinga msimamo huu hutaja kifungu cha kuhama. Wanasema, na kisheria wana hoja, kwamba mteja anayehamia mahali ambapo kampuni haitoi huduma iliyokubaliwa anaweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya mwezi mmoja, na kwamba Arusha au Kisumu hakuna kampuni ya Kijerumani itakayomvutia waya. Tatizo liko katika utekelezaji. Kampuni hutaka uthibitisho kwamba kweli umehama, na uthibitisho wa kawaida ni cheti cha kujiondoa katika daftari la wakazi la manispaa. Mtu hawezi kujiondoa mapema kuliko wiki moja kabla ya kuhama. Maana yake ni kwamba karatasi inayohitajika ili kujinasua inapatikana katika wiki ile ile ya kufungasha mizigo, kukabidhi funguo, kudai amana na kufunga akaunti ya benki ambayo kampuni hujichotea fedha zake kila mwezi. Mwezi wa taarifa unaendelea kuhesabiwa wakati wewe uko ndani ya ndege. Barua za madai huenda kwenye anwani ya zamani, ambapo mpangaji mpya huzirundika juu ya sanduku la barua. Nimemwona mtafiti mmoja makini sana akihangaika kwa barua pepe kutoka nyumbani kwao kwa muda mrefu kuliko alioutumia kuifurahia hiyo intaneti yenyewe, na sheria ilikuwa upande wake wakati wote.

Hata hivyo, kwangu mimi hoja nzito kuliko zote haihusu fedha. Inahusu fundi. Sehemu kubwa ya nyaya za shaba zinazoingia majumbani ni za Deutsche Telekom, na kampuni nyingine nyingi huzikodi ili kuwafikia wateja wao. Kwa hiyo mtu anaweza kuweka sahihi kwa kampuni moja, kisha akasubiri fundi wa kampuni nyingine aje kuiunganisha laini, na pande hizo mbili zikikosana katika tarehe, mteja hana wa kumshika. Fundi hutangaza siku na kipindi cha saa kadhaa, na katika kipindi hicho mpangaji anapaswa kuwa ndani. Halafu kuna jambo la kengele. Katika majengo mengi ya Ujerumani vyumba havina namba zinazotumika kwa wageni. Mlangoni pana safu ya kengele zenye majina ya ukoo, na fundi hutafuta jina lililoandikwa katika hati yake ya kazi. Mgeni aliyepangishwa chumba na mpangaji mwingine kwa miezi michache mara nyingi jina lake halipo hapo. Fundi anasoma majina, halikuti la mteja, anaandika kwamba mteja hakupatikana, anaondoka. Miadi mpya huchukua wiki nyingine. Anayekaa miaka mitano humaliza kero hii mara moja akasahau. Kwa anayekaa miezi minne, wiki sita za kusubiri ni zaidi ya theluthi moja ya ukaaji wake.

Ndiyo maana nasisitiza chumba. Ujerumani kuna njia tatu za kawaida ambazo mgeni wa muda mfupi hupata malazi, na zote tatu zinaweza kuja na intaneti iliyokwisha kuwapo. Ya kwanza ni mabweni ya Studierendenwerk, yaani shirika la huduma za wanafunzi la kila eneo, ambako kwa kawaida waya upo chumbani na malipo yake yamo katika kodi. Ya pili ni nyumba ya kushirikiana, inayoitwa WG, ambamo wapangaji watatu au wanne hugawana jiko, bafu na laini moja ya intaneti. Ya tatu ni chumba chenye samani ambacho mwenyewe amesafiri kwa muhula mmoja na anataka mtu wa kumlipia kodi hadi atakaporudi. Huyu mkataba wake wa intaneti unaendelea kukatwa benki apende asipende, kwa hiyo anayo kila sababu ya kukuachia nywila.

Tangazo la chumba, hata hivyo, lisomwe kwa jicho kali. Wajerumani hutofautisha kodi tupu na kodi yenye joto, na hiyo ya pili humfanya mgeni adhani kwamba kila kitu kimo ndani yake. Kilichomo kwa hakika ni gharama za kupasha nyumba joto pamoja na gharama za uendeshaji wa jengo. Umeme na intaneti vinaweza kuwa nje kabisa. Muulize mwenye chumba: je, laini inafanya kazi leo, au itaunganishwa baadaye? Mkataba wake unaisha lini, isije ikawa ni katikati ya muhula wangu? Ruta iko chumba gani, na chumba nitakacholala kinapata mawimbi yake? Mwombe apime kasi akiwa ndani ya chumba hicho na akutumie picha ya majibu. Mjerumani hakereki kwa maswali ya namna hii. Hukereka zaidi na mtu anayehamia kisha akaanza kulalamika. Tena usivutiwe sana na tarakimu kubwa. Simu ya video ya watu wawili haihitaji hata megabiti 4 kwa sekunde, na mtu anayeandika tasnifu, kuhudhuria semina mtandaoni na kuzungumza na watoto wake jioni hatajua tofauti kati ya laini ya megabiti 50 na ya 250, isipokuwa nyumba ina wapenzi wengi wa michezo ya kompyuta.

Anayepewa nywila ya nyumba apokee pamoja nayo adabu ya nyumba. Huko, kupakua filamu kwa njia za kugawana mafaili bila idhini huleta barua ya mawakili inayodai mamia ya euro, na barua hiyo huandikwa kwa jina la mwenye laini, si la mgeni aliyepakua. Mwenyeji anayekuuliza mapema kama una mazoea ya kupakua filamu hivyo hakutukani. Amesikia yaliyowapata wenzake.

Chumba kisipokuwa na intaneti na huna kingine cha kuchagua, rudi kwenye mazoea yetu ya kulipa kabla. Laini za simu za malipo ya awali huuzwa hadi katika maduka ya vyakula. Aldi na Lidl zote mbili zina za kwao, ya kwanza ikitumia mitambo ya O2 na ya pili ya Vodafone. Tangu Julai 2017 haziwashwi bila mnunuzi kuthibitisha utambulisho wake, ama kwa simu ya video ama kwa kupeleka pasipoti posta, na ninashauri posta, kwa sababu uhakiki wa video haupokei pasipoti za nchi zote. Zingatia pia kwamba vifurushi vingi huhesabiwa kwa wiki nne wala si kwa mwezi wa kalenda, hivyo mwaka una malipo 13, na muhula wa miezi sita una saba ukihesabu kile cha mwisho kisichotumika chote. Kwa anayehitaji zaidi ya simu, ipo ruta inayotumia laini ya simu: haihitaji fundi wala kengele, unaichomeka kwenye umeme na kazi inaanza. Nunua iliyotumika, utaiuza utakapoondoka. Kabla ya yote jaribu mtandao wa kila kampuni ukiwa ndani ya chumba chenyewe kwa simu ya rafiki, kwani kuta nene za majengo ya kale na vioo vya kisasa vilivyopakwa madini ili kuzuia joto lisitoke hudhoofisha mawimbi, na upana wa barabara moja tu unaweza kutenganisha nyumba yenye kasi na nyumba isiyo na kitu. Mikutano ya video ya saa nzima hula takribani gigabaiti moja, ikizidi au kupungua kulingana na ubora wa picha, kwa hiyo kazi nzito zifanyie maktaba kwa kutumia eduroam, yaani mtandao wa Wi-Fi ambao vyuo vya nchi nyingi hushirikiana. Ukiwa umesajiliwa na chuo cha nyumbani kilichojiunga na mfumo huo, kama vilivyo vyuo vingi vya Kenya kupitia KENET, mtandao wa taasisi za elimu wa nchi hiyo, simu yako itaunganishwa chuoni siku ya kwanza bila kuomba kibali kwa mtu.

Na kama bado umeazimia kuweka sahihi, basi usiiweke dukani. Mkataba ulioingiwa mtandaoni, kwa simu au mlangoni kwako unaweza kuufuta ndani ya siku 14 bila kutoa sababu. Ule ulioingiwa dukani, ana kwa ana na muuzaji mcheshi anayezungumza Kiingereza kizuri, hauna haki hiyo kisheria. Wageni wengi hukimbilia duka kwa sababu ya huyo huyo muuzaji.

Lawama yangu iliyobaki naielekeza kwa taasisi zinazotualika. Barua ya mwaliko hueleza kwa urefu kuhusu bima ya afya, posho, tiketi ya treni na ratiba ya semina, lakini sijaona hata moja iliyosema kama chumba kilichotengwa kina intaneti, ingawa mwalikwa huyo huyo anatarajiwa kujibu barua pepe, kusoma majarida na kuhudhuria vikao vya mtandaoni tangu wiki ya kwanza. Chuo kinachopokea wageni kila muhula kinaweza kuweka laini ya kudumu katika vyumba vyake vya wageni, kwa sababu chuo ndicho mteja yule aliyetulia ambaye mkataba wa miezi 24 ulitungwa kwa ajili yake. Chuo kisicho na vyumba vyake kinaweza angalau kununua ruta chache za laini ya simu na kuziazimisha kama maktaba inavyoazimisha vitabu. Mpaka hapo, mwalikwa aiulize ofisi ya wageni kwa maandishi kabla ya kukubali chumba, na jibu alihifadhi pamoja na barua ya mwaliko.