Ukitoka kundini, nani atakuzika?

Jirani yangu alikaa miaka 11 kwenye kanisa moja huku Mbagala kabla ya kuondoka. Siku ya tatu alikutana kituoni Rangi Tatu na dada waliyeimba naye kwaya miaka yote hiyo. Yule dada alimwona, akainamisha uso kwenye simu, kisha akapanda daladala ambayo haiendi kwake.

Mtaani ushauri ni wa aina mbili. Vijana wanasema toka, Mungu hakai kwenye jengo moja. Wazee wanasema vumilia, hakuna kundi lisilo na kasoro. Wote wanalichukua kama jambo la imani tu, wakati kwa Dar es Salaam ni jambo la nani atakuzika.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika jiji hili, na wengi tumekuja peke yetu, ukoo umebaki Lushoto, Kigoma au Songea. Kanisa ndilo linalogeuka ukoo. Mama wa jirani yangu alipofariki, washirika walinunua jeneza, wakakodi Coaster hadi Lushoto, wakapika siku zote za msiba. Anayesema "toka tu" aseme pia hayo yatafanywa na nani.

Na kundi lina haki ya kuwa na masharti. Makanisa ya siku nyingi nayo hutenga waumini: unazuiwa meza ya Bwana, unatubu, unarudishwa kundini. Silipingi hilo. Aliyetengwa hivyo bado anasalimiwa sokoni.

Kwa jirani yangu mambo yalipita hapo. Mchungaji ndiye aliyekubali au kukataa mchumba, kazi, hata safari ya kwenda kwao. Wiki aliyouliza matumizi ya fungu la kumi, alisikia maungamo yake ya faragha yakihubiriwa madhabahuni, bila jina, lakini kila mtu alijua. Siku ya kuondoka akaambiwa: umetoka kwenye kifuniko, yaani ulinzi wa kiroho wa mchungaji, yatakayokupata usimlaumu mtu.

Mwezi uliofuata mwanawe alishikwa na homa usiku. Ilikuwa malaria, kipimo kilionyesha, dawa ya mseto ikamponya. Lakini usiku ule jirani yangu, mama wa mtoto, alikaa kitandani hadi alfajiri, simu mkononi, nusura ampigie mchungaji kuomba msamaha. Hapo ndipo ninapoachana na wanaosema vumilia. Mafundisho yanayomfanya mama aone malaria ya mtoto kuwa hukumu yake, hayo siyaiti kasoro ndogo.

Wapo wanaotaka serikali iingilie, hasa tangu 2023, ilipoanza kufukuliwa miili iliyozidi 400 ya wafuasi wa kundi moja la dini katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya. Nawaelewa. Kundi linaloua lifungwe. Ila Shakahola imetuharibia kipimo: kundi lisipofika kule, tunasema lina nafuu. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa jirani yangu uhuru wa kubadili imani, na kweli hakuna aliyemshika mkono. Sheria ya kumlazimisha yule dada wa Rangi Tatu aitikie salamu haipo, wala haitakuwepo.

Kwa hiyo mimi nasema atoke, ila asitoke mikono mitupu. Jirani yangu alijipanga. Miezi minne kabla, alijiunga na kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaani, Waislamu na Wakristo pamoja, shilingi 5,000 kwa mwezi. Akawarudia ndugu zake wa Lushoto, ambao alikuwa amefundishwa kuwaita watu wa dunia. Akatoa akiba yake kwenye VICOBA ya kanisa kabla hawajajua. Wapo waliomlaumu kwamba angeaga kwa uwazi. Ningewaunga mkono kama uwazi huo usingemgharimu akiba yake.

Wiki iliyopita alipigiwa simu usiku kwa namba ngeni. Alikuwa yule dada wa kwaya. Habari za kanisa hakuzigusa. Aliuliza kiingilio cha kikundi cha mtaani ni shilingi ngapi.