Tomati za mwezi wa kumi, tusimwite mama wa soko mwizi

Jumamosi nilikuwa ku soko ya komini ya Kenya, saa sita mchana, na jua la mwezi wa kumi hapa Lubumbashi mnalijua wenyewe. Mbele yangu dada mmoja anagombana na mama wa tomati: "Mama, juzi fungu lilikuwa na tano, leo tatu, tena laini hivi, mbona unatuibia?" Mama hakujibu kitu, aliinama tu akavuta beseni kutoka chini ya meza akafunua kitambaa. Tomati zimepasuka, zingine zimeshaoza maji yanatoka, nzi wamejaa. Zote hizo alizilipia.

Iliniuma, juu hata mimi nimewahi kusema maneno kama yale.

Tuhesabu pamoja. Mama akinunua sanduku lenye tomati 100, 30 zikimfia njiani na mezani, zile 70 zilizobaki njo zitabeba pesa yote. Sasa wizi uko wapi hapo?

Na shida inaanza mbali na soko. Mvua imekata tangu mwezi wa nne au wa tano, vijito vimepungua, na mkulima wa pembeni ya mji anamwagilia kwa mkono asubuhi na jioni. Joto likipita nyuzi 32 hivi maua ya tomati yanaanguka bila kuzaa, na ile iliyozaa, kama inaiva kwenye joto la zaidi ya 30, wekundu haukamiliki, inabaki na rangi ya chungwa. Zile za Zambia nazo zinapitia mpakani Kasumbalesa, lori linapanga foleni juani, mzigo umefunikwa turubai, ndani ni kama tanuri. Tomati hata ikichumwa bado inapumua, joto likiongezeka nyuzi 10 inapumua mara mbili au zaidi, yaani inajila yenyewe kabla hujaila wewe.

Lengalenga, yaani mchicha, ni hadithi nyingine, shambani inapenda joto, lakini ukishaikata, baada ya saa chache tu imelala. Bamama wanainyunyizia maji kwa vidole mchana kutwa, ikifika saa kumi wanaiachia kwa bei yoyote juu kesho haitauzika.

Watu wakiongea habari hii wanakimbilia vyumba vya baridi. Umeme gani? Mimi naomba kivuli kwanza, bamama wanalipa pesa ya meza kila siku halafu wanakaa juani! Tena tomati haipendi frigo, chini ya nyuzi 10 inapoteza ladha. Kule Nigeria mwalimu Mohammed Bah Abba alichukua vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga wenye maji, juu kitambaa kibichi, mboga zikakaa siku nyingi bila umeme, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex. Chungu kile kinafanya kazi vizuri hewa ikiwa kavu, na hewa yetu kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja ni kavu kabisa, na wafinyanzi tunao. Kwa nini hatujaribu?

Yule dada aliondoka bila kununua. Mimi nilimwomba mama anichagulie zile zilizopasuka tu, ambazo hazijaoza, akanipa kwa nusu bei na kitunguu kimoja cha matabishi, yaani nyongeza ya bure. Jioni ileile tulipika sosi, ilikuwa tamu.