Kwenye rali, anzia kiti cha msoma ramani

Kila ninapomwambia mtu kwamba wikendi nashiriki rali, swali la kwanza huwa lile lile: mnakimbia kasi ngapi? Nikimjibu kwamba vipande vingi vya njia vinataka wastani wa kilomita 36 hadi 50 kwa saa, uso wake hubadilika, kana kwamba nimemnyima uhondo. Mimi naona uhondo unaanzia hapo hapo. Wapo wengi wanaopenda magari ambao wangeingia kwenye mchezo huu kesho asubuhi, lakini wanadhani ni wa matajiri na wa watu wasioogopa kufa.

Ninayoizungumzia ni rali ya barabarani ya watu wa kawaida. Inapita kwenye barabara zilizo wazi kwa wote, zenye malori, baiskeli na watembea kwa miguu, na sheria za barabarani zinabaki palepale. Waandaaji wanakupa kitabu cha njia na mwendo wa wastani ulio chini ya kikomo cha kisheria. Magari huachiwa moja moja, kwa kawaida kwa kupishana dakika moja. Kisha mahali fulani njiani, usipopajua, kuna kituo: mtu ameketi na saa. Kazi yenu, dereva na msoma ramani aliyeketi pembeni yake, ni kumpita kwenye sekunde inayotakiwa. Mkichelewa mnalimwa pointi, mkiwahi mnalimwa vilevile. Katika mashindano mengi sekunde moja ni pointi moja, na mwenye pointi chache ndiye mshindi.

Hesabu yake haina siri. Chukua umbali kwa kilomita, zidisha kwa 60, gawanya kwa mwendo wa wastani, unapata dakika. Kilomita 12 kwa mwendo wa 40 ni dakika 18 kamili. Lakini jaribu kuifanya ndani ya gari linaloyumba, penseli mkononi, kitabu kikisema mwendo unabadilika kutoka 40 kwenda 46 mtakapofika kilomita 7.35, na mbele yenu kuna lori linalopanda mlima taratibu. Kilomita 7.35 kwa 40 ni dakika 11 na sekunde moja na nusu. Ile nusu usiitupe. Ukitupa nusu kila mwendo unapobadilika, baada ya mabadiliko kumi una sekunde tano ambazo hujui zimetoka wapi.

Ndiyo maana nasema mchezo huu kwanza ni wa yule asiyeshika usukani. Kila mgeni anataka kuendesha. Analeta gari lake, anamwomba rafiki yeyote aliye na nafasi akae pembeni, anamkabidhi kitabu dakika tano kabla ya kuondoka, halafu wanapotea kwenye njia panda ya pili na kurudi nyumbani wamenuniana. Ushauri wangu kwa anayeanza, hata kama gari ni lake na amelipenda kuliko nafsi yake: rali mbili au tatu za mwanzo, kaa kiti cha msoma ramani. Ukishajua mzigo anaoubeba mtu huyo, siku utakayoshika usukani utajua ni wakati gani wa kumuuliza na ni wakati gani wa kumwacha ahesabu.

Hili silisemi kwa kusikia. Rali yetu ya tatu, dada yangu akiwa kwenye usukani, kitabu kilionyesha njia mbili za kushoto zilizokaribiana, mita 80 tu baina yake. Kitabu chenyewe si maneno matupu, ni michoro midogo iitwayo tulipu, jina lililotokana na Rali ya Tulip ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1949. Nukta ndipo ulipo, mshale ndiko uendako, vijistari vya pembeni ni njia usizozitaka. Nilikuwa bado nahangaika na hesabu ya kipande kilichopita. Nikainua macho, nikaona njia ya kushoto, nikasema, "Kushoto hapa." Tukakata.

Mchoro uliofuata ulikuwa wa daraja jembamba baada ya kilomita 1.1. Mita ya kilomita ya gari ikasoma 1.1, daraja hakuna. Ikasoma 1.3, hakuna. Nikajua tayari, na bado nikanyamaza nusu kilomita nzima nikitumaini daraja litajitokeza. Dada akaniuliza bila kugeuza kichwa, "Mdogo wangu, tuko njiani au hatuko?" Nikasema, "Hatuko."

Kosa la kukata mapema hufanywa na kila mtu. Lililonikera ni ile nusu kilomita ya kunyamaza, kwa sababu kwenda na kurudi ilikula dakika moja na nusu ambayo ilikuwa mikononi mwangu kabisa. Tangu siku ile, nisipokuwa na uhakika nasema hapo hapo, kwa sauti, na dada anapunguza mwendo bila kuuliza sababu. Hilo tu limetupunguzia pointi nyingi kuliko kifaa chochote tulichowahi kununua.

Tuliporudi kwenye njia tulikuwa nyuma karibu dakika sita, na hapo ndipo rali ya barabarani inakuwa na hatari yake ya kweli. Zilibaki kilomita 12. Kwa wastani wa 40 zingechukua dakika 18, na kuzirudisha zile sita kungetaka wastani wa 60. Barabara yenye kona na watu haikupi wastani wa 60 mpaka uguse 90 mahali fulani. Dada alikataa. Tukaendelea kwa mwendo wetu, tukaandikiwa pointi zetu zote, na naamini hadi leo kwamba huo ndio uamuzi bora tuliowahi kufanya ndani ya gari lile. Baadhi ya rali zina utaratibu wa kuomba muda: ukipotea au ukizibwa na lori, unajaza karatasi ukitaja dakika ulizopoteza, zinaongezwa kwenye ratiba yako, na shinikizo la kukimbia linaisha. Kila mwandaaji angepaswa kuwa nao. Sioni hoja hata moja ya kuukataa.

Nina uchungu na waandaaji wazembe, niseme wazi. Tuliwahi kupewa kipande ambacho wastani wake usingefikiwa bila kuvunja kikomo cha kasi kwenye eneo la shule. Mtu aliupiga hesabu mezani, hakwenda kuipita njia mwenyewe akiwa na saa. Tulipita mahali pale pole kama sheria inavyotaka, tukalimwa, kisha tukaandika barua ya kulalamika. Barabara si yetu. Tumeazimwa kwa saa chache na watu wanaoishi kandokando yake.

Wanaodhani natia chumvi waitazame historia ya Mille Miglia, mbio za kasi za barabarani za Italia. Mwaka 1955 dereva Mwingereza Stirling Moss aliishinda, akimaliza takriban kilomita 1,600 kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Pembeni yake alikaa Denis Jenkinson, mwandishi wa habari, akiviringisha ndani ya kisanduku karatasi ndefu ya zaidi ya mita 5, yenye kona na vilima walivyovinakili walipoipita njia hiyo kabla ya mbio. Injini ilinguruma kiasi cha kutosikilizana, hivyo alimwelekeza kwa ishara za mkono. Kwangu mimi huyo ndiye babu wa wasoma ramani wote. Lakini miaka miwili baadaye, 1957, katika mbio hizo hizo, gari la dereva Alfonso de Portago liliacha barabara na kumuua yeye, msaidizi wake Edmund Nelson na watazamaji tisa, watano wao watoto. Mbio zile zikafungwa. Ziliporudi mwaka 1977 zilirudi kama rali ya kutunza wastani, kwa magari ya zamani, na barabara zile zikawa tena mahali ambapo mtu anaweza kumleta mwanawe kutazama.

Kuhusu gari, msijisumbue. Gari lolote zima linatosha. Joginder Singh aliposhinda Safari Rally mwaka 1965, na msaidizi wake akiwa ndugu yake Jaswant, waliendesha Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na wengine kabla yao, na hiyo ilikuwa rali ngumu mara mia kuliko hizi zetu. Breki ziwe nzima, tairi zisiwe vipara, taa ziwake zote. Muulize pia mwenye bima yako, kwa maandishi, kama bima inakulinda ukiwa kwenye mashindano, kwa sababu nyingine hazikulindi.

Unachohitaji kukijua vizuri ni mita ya kilomita ya gari lako. Haisemi ukweli kamili, na ya waandaaji nayo ina yake. Tairi mpya, tairi iliyolika, upepo uliopungua, vyote vinaibadilisha. Kwa hiyo mwanzoni kuna kipande cha kupimia: kitabu kinasema 10.00, mita yenu inasoma 10.20. Basi kuanzia hapo kila mnachosoma mnakigawanya kwa 1.02. Msipofanya hivyo, baada ya kilomita 50 mnajiona mmefika kilomita 51, na kwa mwendo wa 40 hiyo ni dakika moja na nusu, pointi 90 za bure.

Najua siku hizi kuna programu za simu zinazofanya yote haya na kukuonyesha sekunde ulizowahi au kuchelewa. Sizipingi, lakini mgeni asianze nazo. Simu inakupa jibu na kukuficha mahali ulipokosea. Wazee wa mchezo walitumia Curta, kikokotoo cha kuzungusha kwa mkono, kidogo cha kutosha kiganjani, ambacho Curt Herzstark alikamilisha kukibuni akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Buchenwald na kikaundwa Liechtenstein baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Huhitaji kukitafuta. Jedwali la dakika ulilojiandikia usiku uliotangulia, penseli mbili na saa yenye sekunde vinakufikisha mbali. Na kama kusoma garini kunakutia kichefuchefu, weka kidole kwenye mstari, soma maneno matatu, inua macho barabarani, rudi. Ilinichukua rali nne kuzoea.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye mteremko mrefu, hatuna gari mbele wala nyuma. Nilikuwa nikisoma kwa sauti sekunde tulizowahi: "Mbili mbele... moja mbele... moja mbele..." Dada akainua mguu kidogo sana, hata injini haikubadilisha sauti. "Sawasawa." Kwenye kona, chini ya mti, alikuwa ameketi mtu na kiti cha kukunja na saa shingoni. Jioni waandaaji walipobandika matokeo, tuliitafuta namba yetu kwa vidole viwili, cha kwake na cha kwangu. Kituo cha sita: 0.